Pikipiki ya adivencha, kazini na porini: usukani unacheza nikiachia mkono, mafundi watatu majibu matatu

#1 Lami Kidogo

Wakuu, salama?

Huu ni mwezi wa kumi niko na pikipiki ya adivencha. Silinda moja, cc 400 na chenji, tairi la mbele inchi 21, la nyuma 18. Jumatatu hadi Ijumaa inanipeleka kazini, kilomita 34 kwenda na 34 kurudi, nusu foleni na nusu barabara kuu. Jumamosi naingia nayo njia za vumbi na mawe. Kampuni siitaji, maana humu nikitaja tu uzi unageuka vita.

Shida yangu ni hii. Miezi miwili iliyopita nilifunga matairi mapya ya nusu kwa nusu, yaani nusu lami nusu kashata (tairi la vitofali vya porini), na wiki hiyo hiyo nikafunga boksi la nyuma. Tangu hapo nikiachia gesi kutoka 80, ikishuka kwenye 70 hadi 55 hivi, halafu mkono mmoja uwe umetoka (najikuna, nafunga kioo cha helmeti), usukani unaanza kucheza kushoto kulia, haraka haraka. Nikirudisha mkono unatulia. Na barabara kuu nikivuka 115, pikipiki nzima inanesa polepole kama mtumbwi.

Fundi wa kwanza kasema balansi ya tairi. Wa pili beringi za stelingi. Wa tatu kaiangalia tu akasema ndivyo zilivyo. Nani kati yao anajua?

Na swali la pili, pana zaidi. Mnaishije na hizi pikipiki kila siku? Kila ninachokitengeneza kwa ajili ya Jumamosi kinaniharibia Jumatatu.

#2 Nusu Tanki

Nimevuta kiti cha mbele kabisa. Ngoja waje wajuvi.

#3 Gia ya Tano

Tiba ipo: usiachie mkono. Uzi ufungwe.

#4 Mzee wa Spana

Gia ya Tano, acha utani, huo ugonjwa umewalaza watu chini.

Mdogo wangu Lami Kidogo, umeleta magonjwa mawili kwenye cheti kimoja. Kucheza kwa usukani ukiwa unapunguza mwendo ni mambo ya mbele: tairi, rimu, beringi za stelingi. Kunesa kwa pikipiki nzima kwenye mwendo mkubwa mara nyingi huanzia nyuma: mzigo, shokapu, upepo. Usiyachanganye, utabadilisha vitu mpaka mfuko utoboke.

Anza na vya bure. Inua pikipiki gurudumu la mbele liwe hewani. Zungusha usukani taratibu kutoka kona hadi kona. Ukisikia kama unaingia kishimo pale katikati, njia za beringi zimekwisha, ziking'olewa usirudishe. Kisha shika miguu ya shokapu za mbele pale chini, vuta mbele na sukuma nyuma. Kikigonga kitu, zimelegea. Ukimaliza shika gurudumu juu na chini ulitingishe, hapo unapima beringi za gurudumu lenyewe. Chukua spana ndogo ugonge spoku moja moja. Inayolia "ting" imekaza, inayolia "dup" imelegea. Dakika kumi tu.

Rudi hapa na majibu, na usije na "nadhani".

#5 Kashata Nusu Nusu

Mzee kamaliza kwenye beringi, mimi naleta la matairi. Kashata ina vitofali virefu vya mpira. Ukibonyeza breki vinajikunja, ukiachia vinarudi. Baada ya kilomita elfu mbili tatu za lami upande mmoja wa kila tofali unaliwa kuliko mwingine. Pitisha kiganja juu ya tairi kwenda mbele, kisha kurudi nyuma. Ukihisi upande mmoja laini na mwingine unakwaruza kama msumeno, umempata mwizi.

Mimi yangu ilianza hivyo hivyo, mwendo huo huo wa 70 kushuka. Nikaweka tairi la lami mbele, ikaacha siku hiyo hiyo. Sasa porini nateleza kama sabuni, lakini kazini nafika nimetulia.

#6 Fizikia Mezani

Boksi la nyuma jamani, mbona mnazunguka? Liko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo linainua mbele. Mbele ikiwa nyepesi usukani unacheza. Mambo ya bembea tu haya.

#7 Mzee wa Spana

Piga hesabu basi, fizikia bila namba ni mashairi.

#8 Fizikia Mezani

Haya. Tuseme boksi na vilivyomo ni kilo 10, katikati yake iko sentimita 40 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 1.45. Kilo 10 mara 0.40 gawa kwa 1.45, unapata kilo 2.8 zinazoondoka gurudumu la mbele.

Nakiri ni ndogo kuliko nilivyodhani.

#9 Gia ya Tano

Kilo 2.8! Mkuu ungekula kidogo tu ungezirudisha.

#10 Fizikia Mezani

Cheka, lakini uzito uliosimama si hadithi yote. Boksi liko juu na liko mbali na katikati ya pikipiki, kwa hiyo mkia ukianza kuyumba unachelewa kutulia. Halafu lina kifua kipana kinachopigwa na upepo uliokwisha vurugwa na mwili wa dereva. Maboksi mengi yana kibandiko ndani ya kifuniko kinachoonya usizidi kilomita 120 kwa saa. Kibandiko kile hakikuwekwa kwa ajili ya urembo. Kwenye ule wa 115 nasimama na boksi. Kwenye ule wa 70 nalegeza kidogo.

#11 Dada Klachi

Lami Kidogo kaka, kabla hawajakuuzia beringi, niambie una urefu gani na siti ina urefu gani. Nina sababu ya kuuliza.

#12 Lami Kidogo

Nimerudi toka gereji ya sebuleni.

Usukani: sikuhisi kishimo. Kuvuta na kusukuma: kimya, ingawa kuna kitu kama kukwama kidogo ambacho sijui nikiite nini. Beringi za gurudumu salama. Spoku: 34 zinalia "ting", mbili zinalia "dup", zote upande mmoja. Tairi: nimepitisha kiganja, kuna msumeno kwa mbali.

Dada Klachi, nina sentimita 166, siti ni milimita 840. Kwanini?

#13 Mzee wa Spana

"Kitu kama kukwama kidogo." Haya.

Hizo spoku mbili zikaze robo robo ya mzunguko, usizipe nusu kwa hasira. Kisha zungusha gurudumu huku umeweka kijiti karibu na rimu, uone kama linaenda upande. Kuna jambo lingine watu hawaliangalii: ubavuni mwa tairi, karibu na rimu, kuna mstari mwembamba unaolizunguka tairi lote. Umbali kati ya mstari huo na rimu unatakiwa ulingane pande zote. Sehemu moja ikizama, tairi halijakaa kwenye rimu, na hakuna balansi itakayoliponya.

#14 Nusu Tanki

Mimi kila siku naangalia tairi nikijua naangalia tairi. Kumbe lina mistari, lina mishale, lina kitabu kizima.

#15 Kashata Nusu Nusu

Na tarehe ya kuzaliwa. Tafuta namba nne kwenye kiduara ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na ile herufi ya mwisho baada ya saizi ni mwendo wa mwisho tairi linaoruhusiwa: Q ni kilomita 160 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Kashata nyingi zinaishia Q, nayo inatosha kabisa kwa silinda moja, usikubali kutishwa.

#16 Dada Klachi

Nimeuliza urefu kwa sababu sisi wafupi ndio tunaozichezea hizi pikipiki bila kusema. Mimi ni sentimita 158. Wakati natafuta yangu nilikuwa natembea na namba kichwani kama mganga: Ténéré 700 siti milimita 875, Transalp 750 milimita 850, Himalayan ile ya 411 milimita 800. Unapanda, vidole vinachungulia ardhi havifiki, muuzaji anakwambia utazoea.

Basi watu wanashusha. Wengine wanabadilisha vyuma vya chini ya shokapu ya nyuma, pikipiki inashuka, lakini tumbo linakaribia mawe na stendi ya pembeni inakuwa ndefu mno, ukiiegesha inataka kuangukia upande wa pili. Wengine wanalegeza nati za juu na kuzipandisha shokapu za mbele kwenye vishikio vyake ili mbele ishuke.

Kaka, ulishusha?

#17 Lami Kidogo

...

Nilipandisha shokapu za mbele milimita 15. Mwezi wa kwanza kabisa. Nyuma sikugusa.

#18 Mzee wa Spana

MBONA HUKUSEMA!

#19 Nusu Tanki

Ameenda kwa daktari na mguu umevunjika, anaulizia mafua.

#20 Fizikia Mezani

Hii inabadilisha kila kitu. Ukichora mstari kupitia bomba la usukani hadi ardhini, unagusa mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Umbali huo ndio unaofanya gurudumu lijinyooshe lenyewe, kama vigurudumu vya kitoroli cha dukani vinavyofuata nyuma. Ukishusha mbele bila kushusha nyuma, shokapu zinasimama wima zaidi, umbali unapungua, usukani unakuwa mwepesi na mtundu. Foleni utaufurahia. Ukitoka kwenye foleni utaandika uzi.

#21 Kashata Nusu Nusu

Sikatai fizikia, nakataa kalenda. Kasema kashusha mwezi wa kwanza. Shida imeanza mwezi wa nane alipofunga matairi na boksi. Miezi saba shokapu zilikuwa zimelala?

#22 Fizikia Mezani

Zilikuwa zimelifikisha jambo ukingoni. Tairi la lami lilikuwa linalizuia. Alipoweka kashata kizuizi kikaondoka.

#23 Kashata Nusu Nusu

Kwa hiyo ni tairi. Ahsante.

#24 Fizikia Mezani

Sikusema hivyo!

#25 Gia ya Tano

Wakati wanapigana, nijibu swali la pili la mleta uzi, la kuishi nazo.

Mimi nina mwaka wa nne kwenye silinda mbili ya kilo 210. Cha kwanza kilichonishangaza ni upana. Usukani wa hizi uko juu sawasawa na vioo vya magari marefu. Pikipiki ndogo inapita chini ya kioo, mimi nakigonga. Ukiongeza vikinga mikono na vyuma vya kukinga injini, wewe ni gari dogo lisilo na redio. Nilikuwa napita katikati ya foleni kila siku, siku hizi nakaa nyuma ya lori nikinusa moshi kwa adabu.

Cha pili ni joto. Feni ikiwaka, paja la kulia linaiva. Watengenezaji wanajali sana uwezo wa kuvuka jangwa, foleni ya saa moja bila upepo hawakuiwazia.

Raha yake ni moja, na inanitosha. Barabara mbovu haipo tena. Shimo ambalo gari linasimama kulishangaa, mimi napita nimekaa. Na unaona mbali, juu ya paa za magari, unajua foleni imesababishwa na nini kabla ya wote.

#26 Njia ya Ng'ombe

Nimesoma yote. Hizi pikipiki hazikutengenezwa kwa ajili ya foleni, zilitokana na mbio za Dakar, zilizoanza 1980. BMW ndiyo iliyoanzisha mambo yote.

#27 Mzee wa Spana

Polepole. Mbio za kwanza za Paris hadi Dakar ziliondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978, na aliyeshinda upande wa pikipiki ni Cyril Neveu akiwa na Yamaha XT500. Silinda moja hiyo, hewa ndiyo inaipooza. BMW R80 G/S ndiyo ya 1980, na Hubert Auriol akashinda nayo Dakar ya 1981. Herufi zile mbili ni za Kijerumani: G ni ya nje ya barabara, S ni ya barabara. Kwa hiyo tangu jina lenyewe waliahidi vyote viwili. Na Honda Africa Twin ya kwanza, ile 650, ni ya 1988.

#28 Njia ya Ng'ombe

Nimekosolewa, nimepokea. Lakini bado walioshinda Dakar hawakuwa na boksi la nyuma lenye koti la mvua na chaja ya laputopu.

#29 Dada Klachi

Wala hawakuingia ofisini na tope hadi kiunoni. Ile "tairi la inchi 21" inasifiwa kwamba inapanda mawe, ni kweli, gurudumu kubwa linalikuta jiwe kwa pembe ya chini, halijikwai. Lakini hakuna anayekwambia kwamba kikinga tope kile cha juu, kilichoinuliwa ili tope lisikwame, kinakurushia wewe tope lote hilo. Natembea na suruali ya pili kila siku ya mvua.

Naomba nisimulie jambo, litamgusa mleta uzi upande wa upepo wa tairi.

Mwaka wangu wa kwanza niliambiwa porini punguza upepo, tairi litandazike likamate. Sikuambiwa kikomo. Nikashusha mpaka PSI 16 na nina spoku na tyubu. Kilomita ya tano nikapiga jiwe lenye ncha, rimu ikaibana tyubu dhidi ya jiwe, zikatoka tundu mbili zilizopangana kama meno ya nyoka. Nikashuka, nikatoa vyuma vya kubandulia, nikabandua tairi kwa saa nzima, nikaweka tyubu mpya, nikarudisha tairi, nikapiga pampu. Ikapanda, ikashuka. Nilikuwa nimeitoboa tyubu mpya kwa vyuma vyangu mwenyewe. Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka 29, nikakaa chini nikalia kama mtoto.

Siku hizi: lami PSI 32 mbele, vumbi 24 hadi 25, basi. Na kabla ya kuingiza tyubu naijaza upepo kidogo ipate umbo, isijikunje mahali chuma kinapopita.

#30 Gia ya Tano

Ndiyo maana nilichagua rimu zisizo na tyubu. Ukichomwa na msumari unasukuma kipande cha mpira, unapiga pampu, dakika kumi unaondoka.

#31 Kashata Nusu Nusu

Na ukipiga jiwe, rimu ya kumwaga (ya kipande kimoja, isiyo na spoku) inapasuka na hakuna wa kuinyoosha. Ya spoku ikipinda unaigonga na nyundo unarudi nyumbani. Kila mtu ana kilio chake.

#32 Gia ya Tano

Kuna rimu za spoku zisizotumia tyubu pia, spoku zinashikwa pembeni mwa rimu, hazitoboi katikati. Usiseme hakuna njia ya tatu.

#33 Mgeni Mlangoni

Habari za humu. Mimi ni mpya. Nasikia porini lazima usimame ili kushusha kitovu cha uzito, uzito wako uende kwenye vikanyagio. Ni kweli?

#34 Fizikia Mezani

Karibu. Si kweli. Ukisimama mwili wako unapanda, kitovu cha uzito cha wewe na pikipiki kinapanda nao. Faida ya kusimama ni kwamba magoti na viwiko vinakuwa shokapu. Pikipiki inayumba chini yako, wewe hauyumbi nayo.

#35 Mzee wa Spana

Nawe umeshika nusu tu. Ukisimama, mkono wa uzito wako kwa pikipiki unaanzia kwenye vikanyagio, chini, hauanzii kwenye siti. Pikipiki ikiinamia upande unaisukuma kwa mguu, na mguu una nguvu kuliko makalio. Mimi nimesimama miaka ishirini na mbili kabla ya fizikia yako kufika mezani.

#36 Fizikia Mezani

Mzee, hilo na langu ni kitu kimoja kwa maneno mawili.

#37 Mzee wa Spana

Basi langu lilitangulia.

#38 Lami Kidogo

Wakuu, taarifa. Jumapili nilifanya yafuatayo: nimekaza spoku mbili. Nimetoa tairi la mbele, kumbe Mzee alikuwa sahihi, mstari ulikuwa umezama sehemu moja kama milimita 3. Nimelikalisha upya kwa maji ya sabuni. Nikapima upepo, ulikuwa PSI 26, yaani nilisahau kuurudisha tangu Jumamosi ya wiki iliyopita. Nimeweka 32. Na kwa kuwa nati zilikuwa wazi, nimeshusha shokapu milimita 5, sasa zimechomoza 10.

Nimejaribu jana. Usukani unacheza bado, lakini kidogo mno, lazima niutafute. Nadhani ilikuwa tairi kutokukaa.

#39 Kashata Nusu Nusu

Tairi! Nilisema nini?

#40 Fizikia Mezani

Milimita 5 za shokapu umezipita haraka haraka hapo mwisho. Ni hizo.

#41 Dada Klachi

PSI 26 badala ya 32 kwenye lami, na bado mnatafuta mchawi?

#42 Gia ya Tano

Kaka umebadilisha vitu vinne kwa siku moja, halafu unauliza kilichokuponya ni dawa gani. Umekunywa duka zima la dawa.

#43 Mzee wa Spana

Na "kitu kama kukwama kidogo" bado hujakieleza.

#44 Lami Kidogo

Nimejua mtanisema. Lakini nati zilikuwa wazi jamani.

Mzee, ule mkwamo ulikuwa waya wa klachi unabanwa ukikata kona kushoto. Niliufunga vibaya nilipoweka vikinga mikono. Nao nimeulegeza.

#45 Gia ya Tano

Vitano.

#46 Mzee wa Spana

Waya unaobana unaweza kuushikilia usukani usijinyooshe wenyewe, pikipiki ikawa inatafuta njia kama mlevi. Sisemi ndiyo huo. Nasema ungesema siku ya kwanza.

Sasa nisikilize, na cheni yako uiangalie kabla hujaendelea. Hizi zenye shokapu ndefu watu wanakaza cheni pikipiki ikiwa imesimama yenyewe, wanaona imelegea wanavuta. Ukipanda na mzigo, mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu) unapanda, sproketi mbili zinasogea mbali zaidi pale ekseli inapolingana na sproketi ya mbele, cheni inakazika kama waya wa gitaa. Beringi ya shafti ya gia inakufa kimyakimya. Muite mtu akae, na boksi likiwa na vitu vyake, ndipo upime ulegevu.

#47 Njia ya Ng'ombe

Tukiwa hapo, mnatumia oili gani? Mimi naweka ya gari, ile nyepesi, na pikipiki inaenda.

#48 Mzee wa Spana

Inaenda mpaka siku itakayokataa. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Oili nyingi nyepesi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Utaona injini inalia, mwendo hauongezeki. Soma kopo: yenye alama ya JASO MA au MA2 ndiyo yako. MB ni ya skuta zenye klachi kavu.

#49 Njia ya Ng'ombe

Sasa naelewa kwanini yangu inalia mlimani. Nilidhani ni furaha.

#50 Mgeni Mlangoni

Naomba kuuliza jingine. Ikianguka porini uko peke yako, kilo 200 unainuaje?

#51 Dada Klachi

Hili ni langu, nimeiangusha kuliko wote humu. Zima injini kwanza. Iache kwenye gia isiteleze. Ikilalia upande wa kulia, toa stendi kabla ya kuinua, vinginevyo utaiinua uimwage upande wa pili. Nimefanya, mara mbili. Geuza usukani wote upande iliyolalia, ipe mgongo, kaa makalio kwenye ukingo wa siti, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, tembea kinyumenyume hatua ndogo ndogo. Miguu ndiyo inainua, mgongo umelala tu. Na toa mabegi kwanza, hata kama unaona aibu kwa waliosimama kutazama.

#52 Kashata Nusu Nusu

Ongeza: kwenye changarawe izime ABS ya nyuma (mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge ukishika breki) kama pikipiki inaruhusu. Gurudumu likijifunga linakusanya changarawe mbele yake, kile kilima kidogo kinasaidia kusimama. ABS inakinyima. Nyingi ukizima swichi na kuwasha tena inarudi yenyewe, kwa hiyo baada ya kila mapumziko unabonyeza upya. Nimelisahau hilo mteremkoni, sitaki kulizungumzia.

#53 Gia ya Tano

Zungumza.

#54 Kashata Nusu Nusu

Kulikuwa na kichaka. Imetosha.

#55 Lami Kidogo

Wakuu, ahsanteni. Safari hii nimewasikiliza, kimoja kimoja. Jumamosi nimetoa boksi tu, mengine yote sikugusa. Nimeenda barabara kuu hadi 120: haikunesa. Nikashuka 80 hadi 50 mkono mmoja: usukani umetulia kabisa.

Nikasema boksi, kesi imekwisha, Fizikia Mezani kashinda.

Jumatatu nimelifunga boksi kwenda kazini, koti la mvua ndani, laputopu ndani, kila kitu kama zamani. Nikajaribu tena 80 hadi 50. Umetulia vilevile. Nimerudia mara nne. Kwenye 120 imenesa kidogo, au labda ni lori lililonipita. Jana jioni, boksi lile lile, njia ile ile, ikacheza tena.

Nimeishiwa nguvu.

#56 Fizikia Mezani

Nilikuwa nimeshaanza kuandika hotuba.

#57 Dada Klachi

Upepo wa tairi ulipima Jumatatu asubuhi au jana jioni?

#58 Lami Kidogo

Siku zote mbili, 32 asubuhi likiwa baridi.

#59 Mzee wa Spana

Jambo moja halijaulizwa. Tanki lako lita ngapi?

#60 Lami Kidogo

Lita 15. Nilijaza Jumatatu asubuhi kabla ya barabara kuu. Sijajaza tena.

#61 Mzee wa Spana

Petroli lita moja ni kama robo tatu ya kilo. Tanki likijaa una kilo 11 zilizokaa mbele ya tumbo lako, karibu na usukani. Jana jioni ulikuwa umeshapiga safari ngapi, mbili, tatu? Mbele imeshaanza kuwa nyepesi. Andika kila mara ikicheza, mafuta yalikuwa wapi. Mimi naanza kumshuku nusu tanki.

#62 Nusu Tanki

Nimeitwa?